Gari Jekundu Lisilopungua Maji

Jumatatu, tarehe 3

Mvua zimeanza kweli, si utani tena. Bati la gereji linapiga kelele hadi ukitaka kumwambia mtu "nipe spana" lazima ulifuate sikio lake. Magari machache. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, kazi ambayo sijaigusa tangu nimalize chuo cha ufundi.

Lakini limeingia moja. Gari la spoti, jekundu, limelala chini kiasi kwamba paka akipita uvunguni atajikwaruza mgongo. Mwenyewe ni mwokaji keki, mnene na mpole. Kutoka ndani ilikuwa shughuli: alitoa mguu, akashika paa, akapumzika, ndipo akatoa kilichobaki. Nikampa jina hapo hapo: Bwana Keki. Amelinunua mtumba baada ya kulitamani tangu ujana, na analiendesha Jumapili tu.

"Linapoteza maji, dada fundi," akasema. "Yanaenda wapi, sijui. Chini sioni kitu."

Anamaanisha kulanti, yale maji ya rangi ya waridi yanayozunguka kupoza injini. Nikamwambia asijali, maji kuvuja ni kazi ndogo.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, fimbo katikati ya magoti, anatazama. Tangu alipoteleza akaangukia ndani ya shimo la kukagulia magari, kiuno chake hakijakaa sawa, na mimi nimempiga marufuku kugusa chochote. Gereji ni yake, nyumba ya nyuma tunayoishi ni yake, jina kwenye kibao ni lake. Lakini marufuku ni marufuku. Sitaki kumwona tena amelala mle shimoni kwenye oili, ananiita kwa sauti ya chini kama anayeona haya.

Jumanne, tarehe 4

Kaka amepiga simu. Chumba cha Baba kiko tayari nyumbani kwake, amekipaka rangi, ameweka hata kitanda kirefu. Mvua zikiisha na barabara ikikauka atakuja kumchukua. Ni mimi niliyemwomba. Nilimpigia mwezi jana nikilia, nikamwambia siwezi kuwa fundi, mpishi na mlinzi wa mzee kwa wakati mmoja.

Nikaweka simu mezani Baba naye asikie. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Nitakwenda. Lakini lile gari jekundu lipone kwanza. Siondoki hapa kazi imelala."

Kaka akacheka huko aliko, na mimi nikacheka. Maji ya rejeta!

"Baba, hilo ukipiga chafya mbili limeshaondoka."

"Basi nikipiga ya tatu nitafunga mzigo," akajibu. Yeye hakucheka.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepima. Gari hili limejengwa kinyumenyume: rejeta iko mbele, injini iko nyuma ya viti, na kati yake mabomba marefu yanapita chini ya sakafu, yamefunikwa na kava. Nimefungua kava la nyuma, chini ya injini, kukavu. Nimeiwasha hadi ikapata moto vizuri, nikafunga pampu ya kupimia presha. Mshale haukushuka hata kwa kunionea huruma. Nimetazama rejeta, pampu ya maji, mipira yote ninayoiona. Hakuna kitu.

Na kutafuta tone la maji kwenye sakafu hii iliyolowa ukuta kwa ukuta ni kazi ya mwendawazimu.

Nimechora alama ya wino kwenye tangi dogo la maji. Kesho tutajua nani mwongo.

Ijumaa, tarehe 7

Maji yako kwenye alama.

Jumamosi, tarehe 8

Kwenye alama tena. Nimempigia Bwana Keki aje achukue mali yake. Nikamwambia labda mfuniko ulikuwa haukazwi vizuri. Baba kasema tusubiri Jumapili ijayo aliendeshe kwanza, ndipo tuseme limepona. Nikasema haya, mzee wa visababu.

Jumatano, tarehe 12

Mvua. Taksi moja, breki.

Jumapili, tarehe 16

Nimeaibika. Gari jekundu limerudi mchana juu ya mgongo wa lori la kuvuta, na Bwana Keki amekaa mbele na dereva, amelowa chapachapa. Limemchemkia katikati ya mzunguko wa barabara. Moshi mweupe, honi kila upande, na wapita njia wanampiga picha. Tangi nilipolifungua lilikuwa kavu kama koo langu wakati ule.

Hakunitukana. Angenitukana ningejisikia nafuu. Alisema tu, "Dada fundi, mimi nikimpa mtu keki mbichi, anairudisha mara moja. Ya pili harudi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimejaza kulanti mpya, ya waridi iliyokolea, hadi kwenye alama. Baba alikuwa dirishani kwake, chumba chake kinatazama uani, na gereji iko wazi upande huo. Nilipoinua macho akarudisha pazia.

Jumatatu, tarehe 17

Kwenye alama.

Jumanne, tarehe 18

Kwenye alama! Gari hili linanifanyia dhihaka. Kwangu linakaa kama mtoto mwenye adabu, likifika kwa mwenyewe linamwaga.

Nimekaa chini nikafikiri. Kama halivuji likisimama, basi linakunywa maji likitembea. Maana yake maji yanaingia ndani ya silinda na kuungua. Maana yake gasketi ya hedi, kile kizibo cha juu ya silinda, imeungua. Maana yake nishushe injini nzima, nifungue kila kitu, na Bwana Keki alie.

Nilipomwambia Baba wakati wa chakula aliacha kutafuna.

"Usifungue injini bado."

"Kwa nini?"

"Usifungue tu. Subiri."

"Nisubiri nini, Baba? Umeshastaafu. Niachie kazi yangu."

Akaosha mikono akaondoka, chakula hakijafika nusu. Najua nina mdomo. Lakini na yeye awe anasema kitu kinachoeleweka.

Jumatano, tarehe 19

Nimeona kitu. Kabla ya kushusha injini nilitaka kumwaga kulanti, nikamulika tangi kwa tochi. Maji yako kwenye alama sawasawa, ila rangi imepauka. Jumapili nilitia waridi iliyokolea. Leo ni kama maji yaliyosuuza kitambaa chekundu mara ya tatu.

Gari haliwezi kujipaukia lenyewe. Kuna mtu anaongeza maji ya bomba. Na kama anaongeza, basi yanapungua. Yanavuja hapa hapa mbele ya pua yangu!

Badala ya kushukuru nikapandwa na hasira, na hasira ikatafuta mtu wa karibu. Aliyekuwa karibu ni Rangi, mpaka rangi wetu, ambaye kona yake iko nyuma ya gari lile. Nikamwambia anaiba kulanti, anajazia maji ili nisijue. Nilisema kwa sauti, mbele ya wateja. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaondoka kwenye mvua.

Baba alisikia yote kutoka mlangoni. Uso wake ulibadilika, nikadhani amenikasirikia kwa ajili ya Rangi.

Ijumaa, tarehe 21

Sijui nianzie wapi.

Sikulala vizuri kwa ajili ya Rangi, ambaye jana hakuja. Nikaamka ndiyo kwanza kunapambazuka, nikatoka uani kwenda kuwasha jiko. Kitu cha kwanza nilichoona ni fimbo ya Baba, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha gari jekundu. Kisha nikamwona mwenyewe. Ameinamia nyuma ya gari, mkono mmoja umeshika bodi asianguke, mkono mwingine una birika la chai, anamimina taratibu. Akainama kutazama alama yangu ya wino. Akaongeza kidogo.

"Baba, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alifunga mfuniko kwanza, akaukaza.

"Naongeza maji."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochora ile alama."

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia nusura nishushe injini nzima ya mtu. Nilimwambia nimemwita mwizi mtu asiye na hatia, na yeye amekaa mlangoni ananisikiliza. Nilimwambia angeua injini ya Bwana Keki kwa birika la chai.

"Ndiyo maana nilikuwa najaza kila siku," akasema. "Lisipungue."

"Na alipokuwa nalo kwake? Nani wa kumjazia?"

"Hapo sikuwaza," akasema. "Nilipoliona juu ya lori ndipo nikawaza. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikifika nasema kesho."

"Lakini kwa nini, Baba?"

Akainua fimbo yake kutoka kwenye kioo, akaegemea.

"Ukiona yanapungua utatafuta hadi upate, na likipona naondoka. Nilitoa neno langu mwenyewe, siwezi kulirudisha. Sasa nifanyeje? Kule kwa kaka yako nitakaa nimtazame nani? Wakwe zake anaokaa nao? Wataniletea chai, watasema mzee pumzika. Nimepumzika hapa miezi hii yote kwenye kiti hicho, nimeona kupumzika kulivyo. Nakufa kwa kupumzika."

Nilikuwa bado nimekasirika na nilikuwa nalia, vyote viwili, nimesimama mvuani na khanga kichwani. Nikamnyang'anya birika nikaingia nalo ndani.

Jumamosi, tarehe 22

Nimekwenda kwa Rangi. Anaishi juu ya duka la vioo. Nikamwomba radhi mbele ya mkewe, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Akasema, "Mdomo wako ungekuwa gari ningeupaka rangi ya hatari." Jumatatu atarudi.

Bwana Keki naye alikuja mchana kuulizia. Nilikuwa nimejipanga kumweleza mimi, lakini Baba alinitangulia. Akainuka kutoka kwenye kiti chake, kwa shida, akamwambia yote: birika, maji, sababu. Akamwomba msamaha.

Bwana Keki alikunja uso. "Mzee, nilipigiwa honi na mji mzima."

"Najua. Nilikuona ulivyolowa."

"Kama shida ilikuwa kubaki, si ungesema tu unataka kubaki?"

Baba akatikisa kichwa. "Kwa nani? Wote walikuwa wameshapanga vizuri."

Hakusema kwa kunisuta, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Bwana Keki alitutazama, Baba na mimi, akasema atatupa wiki nyingine, na alipokuwa anaondoka akakumbuka kuacha boksi la keki alilokuja nalo.

Jumatatu, tarehe 24

Leo mvua imepumzika, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Tumefanya kama tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Rangi na mimi tumekausha sakafu kwa unga wa mbao, tukafagia. Nimefungua makava yote ya chini, si la nyuma tu. La katikati lilikuwa na sifongo ndani yake, na sifongo imelowa tepetepe. Kumbe maji yanayovuja hayafiki chini, yananywewa humo. Lakini bomba lenyewe lilikuwa kavu, sikuona yanakotoka.

Tukajaza kulanti mpya. Tukatandika magazeti meupe, yale yasiyochapwa ya kufungia vioo kutoka duka la chini kwa Rangi, kuanzia mbele hadi nyuma. Nikawasha injini hadi feni ikaanza kuzunguka. Nikaizima.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunakaa," akasema Baba.

Nilikaa. Kidogo nikainuka kutazama. Nikakaa. Nikakumbuka taksi inayosubiri pedi za breki, nikainuka.

"Kaa."

"Baba, halivuji. Nimeshapima kwa moto, halivuji."

"Umepima likiwa moto. Lina saa ngapi limepoa?"

Ni kweli, sijawahi kulitazama gari lolote likipoa. Nani ana muda huo? Mimi nikishazima injini nimeshafika kwenye gari lingine. Nikamwachia kiti changu pia aweke mguu, nikaenda kwenye taksi. Nilifunga pedi, nikajaribu breki, nikampa mtu gari lake, nikanywa chai, nikagombana na muuza vipuri kwenye simu. Kila nikigeuka namwona Baba hajasogea, kidevu juu ya fimbo, macho chini ya gari.

Alasiri akaniita. Hakuniita kwa nguvu.

"Njoo. Limejikojolea."

Doa la waridi, dogo kama kifungo cha shati, chini ya kiti cha dereva. Nikajilaza, nikamulika. Pale mpira unapoungana na bomba la chuma kuna kibano cha kuubana, na kibano hicho kimelegea kwa uzee. Injini ikiwa na moto kila kitu kinavimba, mpira unashika. Ikipoa, mpira unanywea, na tone linatoka. Niliona likikua, likaning'inia, likaanguka kwenye gazeti. Nilipiga ukelele hadi Rangi akaja na brashi mkononi.

Tumecheka wote watatu. Kibano! Kitu cha kuvalia kidoleni!

Jioni nilipokuwa naosha mikono ndipo nilipopata akili. Alikuwa peke yake pale. Mimi nilikuwa na taksi, Rangi yuko nyuma ya pazia lake. Angeweza kulikunja lile gazeti akatandika jingine, na mimi ningeamini. Aliliona tone, alijua maana yake, akaniita.

Jumanne, tarehe 25

Nimefunga kibano kipya na mpira mpya. Baba ameanza kukunja nguo zake. Nimemwona kupitia mlangoni.

Jumapili, tarehe 30

Bwana Keki amepiga simu kutoka mbali sana, anapiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Maji hayajapungua hata tone tangu achukue gari. Nikampa Baba simu. Akasikiliza, akasema, "Hongera. Tia kulanti, si maji," akanirudishia.

Jumatatu, tarehe 1

Mawingu membamba. Kaka atakuja Ijumaa.

Jumatano, tarehe 3

Basi dogo la shule linapoteza oili, polepole, hakuna anayejua wapi. Nimetandika magazeti kama tulivyofanya. Nikasema nitakuwa naangalia kila baada ya muda. Likaja lori, likaja pikipiki, nikasahau kabisa, nikakumbuka jua linazama. Karatasi yote imelowa oili, huwezi kujua tone la kwanza liliangukia wapi.

Nilitukana. Kisha nikageuka kumtafuta Baba kitini, na hakuwapo, yuko chumbani na mzigo wake. Nilisimama pale na karatasi mkononi. Nilikuwa nimemweka mlangoni kama mgonjwa, na nilikuwa nina kazi ya kumpa muda wote huo. Si kazi ya kumhurumia. Ni kazi nisiyoiweza. Mimi sina makalio ya kukaa, na mafundi wote ninaowajua hawana.

Ila naogopa shimo. Nimelala nikiliwaza. Kesho naliwekea mbao juu, nitaziondoa nikiwa mle mwenyewe tu.

Ijumaa, tarehe 5

Jua. Barabara imekauka. Kaka amefika asubuhi, amenenepa, amependeza, amemletea Baba kofia mpya. Mzigo ukaingia nyuma ya gari. Baba akaketi mbele, akafungwa mkanda, kofia kichwani, anatazama mbele tu. Amemuaga Rangi. Mimi aliniambia, "Funga geti vizuri usiku."

Kaka akawasha injini. Nikaenda upande wake nikazima, nikachomoa ufunguo.

"We mdogo wangu, vipi?"

"Haendi."

"Nani haendi? Chumba kimepakwa rangi! Wewe ndiye uliyenipigia simu unalia, umechoka."

"Nilichoka. Na sasa hivi nimechoka. Nikichoka tena nitakupigia tena nikilia, na wewe utakuja ukae hapa wiki mbili upike, kisha utarudi kwako. Lakini yeye anabaki. Nina basi la shule pale linavuja oili na sijui wapi, na hapa gerejini hakuna mwingine anayeweza kukaa kimya alione tone la kwanza."

"Na akianguka tena?"

"Shimo nimeliziba. Na akianguka nitamwinua. Nilimwinua mara ile nikiwa peke yangu."

Macho ya Kaka yalikuwa yamelowa, na nilijua kile chumba alikipaka mwenyewe, kwa mkono wake. Nikamshika bega. Nikamwambia mwezi ujao tutakwenda wote, Baba akalalie kile kitanda kirefu, kisha tutarudi naye.

"Mmemaliza kunigawana?" Baba akauliza kutoka upande wa pili.

"Tumemaliza," nikasema.

"Na mimi mtaniuliza lini?"

Tukatazamana, kama watoto waliokutwa kwenye sukari.

"Baba," nikasema, "unataka kubaki?"

Akavua ile kofia mpya akaiweka mapajani.

"Nataka kubaki," akasema. "Huu mkanda nauhangaikia tangu mlipoanza kugombana. Hebu njoo unifungulie."

Nikazunguka gari nikamfungulia.